Mashine Isiyo na Besi

Mama mkwe wangu alifika Germantown, Maryland, mwishoni mwa Oktoba, mtoto wetu wa kwanza akiwa bado mchanga. Alikuja kumsaidia mke wangu. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi kutoka Muheza, mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sauti safi, na katika kanisa lao alikuwa ameongoza kwaya tangu kabla mke wangu hajazaliwa.

Mimi ni mtu wa Bungoma. Katika ukoo wetu, mwanamume na mama mkwe wake hukaa mbalimbali. Hawapeani mikono, hawali meza moja, na wakikutana njiani mmoja hupisha mapema kabla hawajakaribiana. Nilikuwa nimeishi Maryland miaka mingi, nafanya kazi ya kompyuta katika ofisi moja Gaithersburg, na nilidhani mambo hayo nimeyaacha nyumbani. Lakini siku ile alipotoka mlangoni pale uwanja wa ndege akaninyooshea mkono, mikono yangu yote miwili ilikwenda nyuma ya mgongo yenyewe. Niliinama, nikamwamkia kutoka mbali. Akaurudisha mkono wake taratibu, akaanza kujitengeneza kanga begani kana kwamba ndicho alichokusudia.

"Ndivyo walivyo kwao, mama," mke wangu alimweleza garini. "Ni heshima."

"Sawa," alisema mama, akatazama nje ya dirisha.

Nyumba yetu ni ya ghorofa tatu nyembamba, imebanwa kati ya nyumba nyingine zinazofanana nayo. Gereji iko chini, jiko na sebule katikati, vyumba vya kulala juu. Nilijifunza haraka kuishi humo kama mpangaji. Nikisikia kandambili zake jikoni, nilishuka gereji. Nikisikia amepanda kulala, nilipanda kula. Kama kulikuwa na neno la kusemwa, lilipita kwa mke wangu, hata sote watatu tukiwa chumba kimoja.

"Mwambie baba mtoto chai iko tayari."

"Mwambie mama asante."

Mke wangu alikuwa akimnyonyesha mtoto katikati yetu. "Mimi si posta," alisema siku moja, lakini aliendelea kutupelekea maneno.

Gereji niliyokuwa nakimbilia ilikuwa na pikipiki ya theluji. Niliinunua kwa mfanyakazi mwenzangu aliyekuwa anahamia Florida, mahali pasipo theluji ambapo haingemfaa kwa lolote. Naye aliileta kutoka milima mirefu ya magharibi mwa nchi hii, alikokuwa akiishi zamani. Mwaka mmoja kabla ya hapo, watu wa ofisini walikuwa wamenichukua kule milimani, kwenye ncha ya magharibi ya Maryland, wakanipandisha kwenye moja kama hiyo. Sijui nieleze vipi. Nilikulia kwenye barabara za matope, nikajua baiskeli na bodaboda, lakini sikuwahi kuketi juu ya kitu kinachoteleza namna ile kati ya miti, mbele mabapa mawili ya kuongozea, nyuma mkanda mpana wa mpira unaochimba theluji na kukusukuma. Niliporudi nyumbani sikuzungumza kitu kingine kwa wiki nzima. Ilipopatikana ya kununua, mke wangu aliniambia ninunue ili kichwa chake kipumzike.

Wakati wa likizo ya Krismasi theluji ilianguka vizuri huko milimani. Niliifunga mashine kwenye tela, tukajipakia wote, mtoto na bibi yake nyuma, tukashika barabara kuu ya I-270 kwenda kaskazini, tukapita mji wa Frederick, kisha barabara ikaanza kupanda kuelekea magharibi. Mama alikuwa hajaona theluji. Kila tulipopandisha mlima mwingine na weupe ukaongezeka, nilimwona kwenye kioo akimwinua mtoto dirishani, akimwonyesha kimya kimya.

Nilitaka nionekane, nakiri hivyo. Kwenye uwanja ule mpana ambapo njia za msituni zinaanzia, nilivaa helmeti, nikawasha mashine, nikabana mafuta kwa kidole gumba hadi mwisho. Ililia kwa sauti kali, ya juu kabisa, watu wakageuka kutazama. Kisha ikaondoka kama ng'ombe anayeamshwa. Kelele zilikuwa nyingi, mwendo haukuwepo. Mzee mmoja kwenye mashine kuukuu yenye plasta ya gundi ubavuni alinipita huku akinipungia mkono. Nilizunguka uwanja, nikajaribu tena, na tena. Kila mara injini ilipiga mayowe, na mashine ikasonga polepole, hadi baada ya muda mrefu ndipo ikapata mwendo.

Nikarudi garini nimenuna. Mama alikuwa amekaa na mtoto, kioo amekishusha kidogo. Akasema kitu kwa mke wangu kwa Kibondei, lugha ya kwao. Mke wangu alicheka, kisha akajizuia.

"Anasemaje?" niliuliza.

"Anasema mashine yako haina besi."

Nilidhani ananicheka. Njia nzima ya kurudi sikusema zaidi ya maneno matatu.

Januari mke wangu akarudi kazini. Ni muuguzi, na zamu alizopewa zilikuwa za Jumamosi na Jumapili, mchana kutwa. Kwa hiyo mwisho wa juma tulibaki mimi, mama na mtoto. Jumamosi ya kwanza nilijifungia gereji na ile mashine. Nilikuwa nimeamua kwamba tatizo ni mkanda wa klachi umechakaa na unateleza, nikaagiza mpya.

Ngoja niieleze klachi yenyewe, kwa sababu mambo yote yalizunguka hapo. Pikipiki ya theluji haina gia za kubadilisha. Ina puli mbili, moja imeshikwa na injini, nyingine inapeleka nguvu kwenye ule mkanda mpana wa chini, na kati yake kuna mkanda mmoja mnene wa mpira. Puli ya injini imegawanyika sahani mbili zinazoweza kusogeleana. Ndani yake kuna springi inayozitenganisha, na vipande vitatu vya chuma vyenye uzito. Injini ikizunguka kwa kasi, vile vyuma vinarushwa nje na kuzibana zile sahani. Mkanda unabanwa, unapanda, na mashine inakwenda. Springi inavuta huku, vyuma vinasukuma kule, na mapatano yao ndiyo yanayoamua mashine itaondokaje.

Nilifunga mkanda mpya. Nikazisafisha sahani kwa msasa laini na kitambaa. Nikafungua mlango mkubwa wa gereji ili moshi utoke, nikaiinua mashine nyuma kwenye stendi, nikaiwasha kidogo. Nikazima. Haikuniambia kitu, kwa sababu bila theluji ya kuchimba mashine haina kazi, na bila kazi huwezi kujua.

Nikiwa nimechuchumaa pale, mlango wa ndani ukagongwa. Alikuwa amesimama kwenye ngazi, shuka begani, mkononi ameshika kile kiredio cha kumsikilizia mtoto. Nikasimama haraka, nikarudi nyuma hadi nikagusa ukuta.

Alitazama huku na huku kama anayemtafuta binti yake. Mimi pia nikatazama. Hapakuwa na wa kumtuma.

"Mtoto amelala," alisema hatimaye, akiuambia ule mlango. "Nimesikia ngurumo, nikadhani labda umeumia."

"Sijaumia, mama."

Hayo yalikuwa maneno yetu ya kwanza ya moja kwa moja tangu alipofika. Angeweza kurudi juu, na mimi ningepumua. Lakini kulikuwa na swali lililokuwa limenikaa kooni tangu siku ile ya milimani.

"Mama," nikasema, macho yakiwa kwenye sakafu, "ulisema hii mashine haiko na besi. Ulikuwa unamaanisha nini?"

"Haina besi," alinisahihisha, mwalimu kabisa. Kisha akakaa kwenye ngazi ya juu, mbali nami, akaweka kiredio magotini. "Nilikuwa nasikiliza pale garini. Kwaya ikianzishwa wimbo juu mno, soprano wanapiga mayowe, besi wanakosa pa kushika, wananyamaza. Unasikia kelele, lakini wimbo hauna uzito, hausogei. Mashine yako ilikuwa hivyo. Ile ya yule mzee ilishika sauti moja, ya chini kidogo, ikakaa papo hapo huku inakimbia. Yako ilipanda ikapita."

"Ilipita?"

"Ilipita sauti yake. Ikabaki huko juu inalia."

Nilikaa chini kwenye ndoo. Alichokieleza ndicho kilichoandikwa kwenye kitabu cha fundi nilichokuwa nimekisoma bila kukielewa. Injini ina mzunguko mmoja ambao nguvu yake iko kamili. Klachi ikiwa sawa, ukibana mafuta hadi mwisho injini inafika pale na kukaa pale, huku mwendo ukiongezeka. Ikipita, vile vyuma vitatu ni vyepesi mno, havina nguvu ya kubana mkanda. Nilikuwa nimetazama kila kitu isipokuwa geji ya mizunguko, kwa sababu nilikuwa natazama nani ananitazama.

Nikaing'oa klachi jioni ile ile. Kwenye vyuma kulikuwa na alama, na alama hizo kitabuni zilikuwa za mashine inayotumika kwenye milima mirefu sana. Huko hewa ni nyembamba, injini inapungukiwa nguvu, kwa hiyo huwekewa vyuma vyepesi. Yule mwenzangu hakuwahi kuvibadilisha aliposhuka huku. Nikaagiza vizito zaidi, aina yenye vitundu ambavyo unaweza kuongeza au kupunguza skrubu ndogo hadi upate kipimo.

Vilipofika, Jumamosi iliyofuata, mlango uligongwa tena. Safari hii alikuja na kiti chake, akakiweka upande wa pili wa mashine, hivi kwamba ilikuwa kati yetu. Nilikuwa nimechukua mizani ya jikoni ya mke wangu.

"Hiyo ya keki?" aliuliza.

"Lazima vyote vitatu viwe sawa. Kimoja kikizidi, klachi inatetemeka."

Niliweka cha kwanza, nikasoma. Akasoma naye kutoka kule aliko, ameinamisha miwani. Nikaongeza skrubu, nikapunguza, na kila nilipotaka kuridhika na tofauti ndogo alitoa mguno. Basi nilipima upya. Tulikuwa tunazungumza huku mikono ikiwa na kazi, na niligundua ni rahisi kuzungumza na mtu mkitazama kitu kimoja. Aliniuliza mama yangu anaishi na nani. Nikamwambia. Aliniuliza kama kwetu pia mama mkwe wa mke wangu amekatazwa kumshika mkono mke wangu.

"Hapana. Hao wanakaa tu vizuri."

"Kwa hiyo ni mimi tu ninayeogopwa."

"Si kuogopwa, mama. Ni vile wewe ndiye uliyemzaa mke wangu. Ni kama... huwezi kuwa mtu wa kawaida kwangu."

"Wiki za kwanza nilijua unanichukia," alisema bila hasira. "Nikiingia jikoni, wewe umetoka. Nikakata shauri mtoto akifika miezi mitatu, nirudi zangu Muheza."

Sikujua hilo. Mke wangu hakuwahi kuniambia, na baadaye alisema yeye pia hakujua. Nilikuwa nimeshika spana, nikaendelea kuishika. Nikasema, "Usirudi mapema, mama," na hilo ndilo nililoweza.

Kiredio kikakoroma, kisha mtoto akalia. Mama akainuka akapanda.

Theluji nyingine nzuri ilikuja Februari, na mke wangu alikuwa amepata Jumapili ya kupumzika. Tulikwenda wote tena. Yeye alibaki garini na mtoto, injini ya gari ikiwaka kwa ajili ya joto. Mama alishuka. Alikuwa amevaa koti la mke wangu lililomfika magotini, kofia mbili, na kanga juu ya vyote. Akasimama kando ya uwanja palipokanyagwa vizuri.

"Wewe kimbia," aliniambia. "Mimi nitasikiliza."

Nilibana mafuta. Safari hii mashine ilinguruma chini, ikajikaza, ikasita kama iliyobebeshwa gunia. Geji ilionyesha injini haifiki pale inapotakiwa. Nilipogeuka kumtazama, mkono wake ulikuwa umenyooshwa, kiganja juu, unapandisha taratibu, vile anavyowapandisha waimbaji.

Nikarudi kwenye tela, nikafungua kifuniko cha klachi, vidole vikiuma kwa baridi, nikatoa skrubu moja kutoka kila chuma. Nikakimbia tena. Bado kiganja kilipandisha, lakini kidogo. Nikatoa tena, zile ndogo kabisa. Watu wawili waliokuwa wakipakia mashine zao walisimama kututazama, mtu mweusi mwenye spana na bibi mwenye kanga anayeongoza kwaya isiyoonekana.

Mara ya tatu nilihisi kabla sijasikia. Mashine ilinivuta mabega nyuma. Sindano ya geji ilipanda, ikafika, ikakaa, haikutikisika, na miti ikaanza kunijia upesi kuliko nilivyozoea. Injini ilitoa sauti moja ndefu, nene, mwanzo wa uwanja hadi mwisho. Nilipogeuza, nilimwona mama kwa mbali, kiganja chake kimelala sawa hewani, hakipandi wala hakishuki.

"Hapo," alisema nilipomfikia. "Usiguse tena."

Nilivua helmeti. Nilikuwa nacheka peke yangu kama mtoto. Ndipo aliponiambia, "Na mimi nipande."

Nilidhani anatania. Alikuwa ameshanyoosha mkono kuichukua helmeti. Sikuweza kumbeba nyuma yangu. Abiria hushika kiuno cha dereva, na jambo hilo halikuwa la kufikirika hata kidogo. Mke wangu alikuwa ananyonyesha. Nikamwambia basi apande mwenyewe, taratibu, pale pale uwanjani. Nilisimama pembeni nikimwonyesha kwa mikono yangu hewani: mafuta hapa kwa kidole gumba, breki hapa, ukiachia inasimama.

Alianza vizuri. Alikwenda kama anayepeleka maji asiyetaka yamwagike, mgongo umenyooka, kanga inapepea. Akafika mwisho, akageuza kwa mzunguko mpana. Nadhani hapo akapata moyo. Nilisikia sauti ya injini ikibadilika, ikishika ile sauti yake kamili, na nikakumbuka, kwa kuchelewa, kwamba mashine hii sasa haisubiri mtu ajiandae. Iliruka. Aliachia mafuta papo hapo, ikapunguza mwendo, lakini ilikuwa imeshatoka kwenye theluji iliyoshindiliwa na kuingia kwenye laini. Ikainama upande, na mama mkwe wangu akamwagika polepole kama nguo inayoteleza kwenye kiti.

Sikumbuki nilivyokimbia. Nilimkuta amesimama ndani ya theluji hadi kiunoni, helmeti imemgeukia sikioni.

"Umeumia, mama?"

"Sijaumia. Siwezi kutoa miguu."

Akaninyooshea mkono. Nikasimama. Nilitazama gari kule mbali, mlango ulikuwa umefungwa. Nilitafuta kwa macho kijiti, kamba, kitu chochote cha kumpa ashike.

"Unangoja nini?" alisema. "Nigande hapa?"

Nikampa mkono. Alivaa glovu na mimi nilivaa glovu, na bado nilihisi kama nimeshika waya wa umeme. Nilivuta, naye akajisukuma, mguu mmoja ukatoka, kisha wa pili bila kiatu. Nililazimika kuchimba kukitafuta kiatu. Nilipokipata, yeye alikuwa ameketi juu ya mashine, anacheka hadi machozi yanamtoka, soksi yake imejaa barafu.

Jumatatu nilimpigia simu baba mdogo wangu Bungoma, kwa sababu sikuwa na amani. Nilimweleza yote.

"Hiyo theluji ilikuwa imemfika wapi?"

"Kiunoni."

"Ungemwacha angekufa?"

"Labda asingekufa. Angepata baridi kali."

"Basi hukukosa," alisema. "Lakini haliwezi kupita hivi hivi. Mpe blanketi jipya, mbele ya mkeo, na useme kwa nini."

Nilinunua. Mke wangu alisimama kama shahidi, mtoto mkononi, akijitahidi asicheke, na baba mdogo alikuwa kwenye simu iliyoegemezwa kwenye kopo la sukari, akitutazama. Nilisema maneno yangu. Mama alilipokea blanketi kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, kwa makini kabisa. Kisha akaiinamia simu.

"Na mimi, bwana, natakiwa nitoe nini?"

Baba mdogo hakuwa amelifikiria hilo. Alikohoa. Akasema upande wa mwanamke waamue wenyewe.

"Basi nimeamua," alisema mama. "Leo anakula mezani."

Nilikula mezani. Sitasema mambo yalibadilika yote. Mpaka leo tukikutana uwanja wa ndege naweka mikono nyuma, naye anaweka yake nyuma, tunainamiana. Usiku ule nilikaa ncha ya meza, macho kwenye sahani. Yeye alikula polepole, akamwongezea mke wangu mchuzi. Halafu, bila kupitia kwa mtu yeyote, akaniuliza kama kuna springi ngumu zaidi ya ile tuliyonayo, maana alihisi mashine bado inachelewa kidogo pale mwanzo kabisa.

"Iko," nilisema.

"Ipo," alisema.